Mistari Miwili Kulia, Mmoja Kushoto

Mwezi wa saba Nairobi ni mwezi wa baridi ya kuuma masikio, na ndio mwezi nilipowaona watoto wa mtaa wetu wakivua sweta. Walikuwa wanatoka shule, mikoba mgongoni, kelele tele. Walipofika kwenye kona ya bomba la maji kelele zikazimika. Sweta zikavuliwa moja moja, zikakunjwa, zikasukumwa ndani ya mikoba. Wakapita mbele ya mlango mmoja wa bluu wakiwa na mashati tu, mikono wameikunja kifuani, kimya kama watu wanaopita penye matanga. Walipofika upande wa pili wakazivaa tena, na kelele zikarudi.

Nilikuwa nimeingia siku hiyo hiyo kutoka safari, nimesimama na dada yangu kwenye kizingiti chake. Nikamuuliza hawa watoto wana nini.

"Si huo ni mlango wa Fundi," akasema.

"Najua ni mlango wa Fundi. Kuvua sweta ndiko sielewi."

"Siku hizi tunanunua dukani." Alisema hayo akichezea pindo la leso yake. "Sasa mtoto apite nayo hapo, Fundi aione? Mimi nilimwambia wangu avue. Wamama wengine nao wakaanza."

"Na Fundi hajagundua?"

"Juzi nimempata ameketi nje, akaniambia, 'Mama, watoto wa siku hizi hawasikii baridi hata kidogo. Ni hayo maziwa ya pakiti.'"

Tulicheka, halafu hatukuwa tunacheka tena. Dada yangu aliingia ndani akasema chakula kinaungua, na hakuna kitu kilichokuwa kinaungua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Fundi, mwanamke huyu, kila ninapokuwa njiani, na mimi niko njiani sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikatafuta kazi Industrial Area, nikawa kibarua huku na kule, mwishowe nikawa utingo wa malori yanayotoka bandarini Mombasa. Ninaijua Nairobi ya Eastlands kama mtu anavyoijua nyumba ambayo huifikia tu kubadilisha nguo. Kila nikirudi kuna kitu kimeondoka. Fundi nilimhesabu miongoni mwa vitu visivyoondoka.

Alikotoka sijui, wala wazazi wake sikuwahi kusikia akiwataja. Mtaani kwetu mtu aliyekutangulia humuulizi alifikaje. Alikuwa na binti mmoja, na kwa desturi angeitwa kwa jina la huyo binti kama wamama wengine wote. Alikataa. "Niite kwa kazi yangu," alimwambia mama yangu. "Huyo mtoto akikua atajitafutia jina lake." Kwa hiyo alikuwa Fundi, hata kwa mchungaji, hata kwa askari wa jiji waliokuja kumuuliza leseni na kuondoka wameagiza sweta za watoto wao.

Kazi yake ilikuwa sweta za shule. Aliziunda kwa mashine ya mkono, ile ndefu kama benchi, yenye safu ya sindano za ndoano, ambayo unasukuma kichwa chake kwenda na kurudi na kila mwendo unaongeza safu moja ya nyuzi. Mashine ilikaa dirishani na ilichukua nafasi ya meza, ndiyo maana kwa Fundi wageni walikula sahani ikiwa mapajani. Sauti yake ilisikika nyumba kadhaa. Akiwa na furaha kichwa kilikwenda polepole, krraa, krraa. Akikasirishwa kilikwenda mbio, na wamama waliokuwa wakifua nje walitazamana wakiulizana ni nani huyo aliyemchokoza.

Kumchokoza kulikuwa rahisi. Kwanza, hakutaka kuambiwa umri wa mtoto. Mama akisema, "Huyu ana miaka saba," alijibu, "Sishoni cheti cha kuzaliwa." Alimtazama mtoto juu hadi chini, akamgeuza kwa kidole kimoja begani, akamaliza. Nilikuwa na mgongo wa kujikunja, na ninakumbuka nilivyosimamishwa mbele yake.

"Simama wima. Wewe ni mtoto ama ni alama ya kuuliza?"

Mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipoletewa sweta ilinifikia magotini. "Utaikulia ndani," Fundi akasema, na kweli niliikulia, nikaivaa hadi darasa la mwisho.

Pili, shingo. Kwake sweta ilikuwa shingo. "Hayo mengine ni blanketi lenye mikono," alisema. Mwili na mikono vilitoka kwenye mashine, lakini shingo ilibidi iungwe kwa sindano ya mkono, kitanzi kwa kitanzi, na hapo ndipo alipokaa kimya na kuacha hata kutukana. Siku moja mama mmoja alikuja jioni kuchukua sweta ya mtoto, shule ikifunguliwa kesho yake. Fundi aliinyanyua kwenye mwanga, akaona shingo imevutika upande, akakata uzi kwa meno na kuanza kufumua.

"Fundi, tafadhali! Nani ataangalia shingo?"

"Mimi. Nitakuwa hapa mlangoni kila asubuhi nikiiangalia."

Mtoto alikwenda shule bila sweta siku mbili. Yule mama alinuna mwezi mzima, akarudi muhula uliofuata, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Hayo yasikufanye uone mtu wa msimamo mmoja. Fundi alihubiri vitu vya hapa nyumbani kuliko mwanasiasa yeyote. Aliwasema wanaonunua mitumba Gikomba, akisema wanavaa jasho la watu wasiowajua. Lakini yeye mwenyewe, asubuhi za baridi, alivaa sweta nzito ya mtumba, ya kijivu, yenye vifungo vya mbao. Nilipomuuliza hakupepesa macho. "Sweta zangu ni za shule. Mimi nilimaliza shule kitambo."

Na kuna zaidi. Kiwanda cha nyuzi kule Industrial Area, alikokuwa akinunua uzi, kilipofunga geti, Fundi alianza kwenda Gikomba kimyakimya asubuhi na mapema. Alinunua sweta kubwa za mtumba zilizofumwa nje, akazifumua, akazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, akaupitisha kwenye mvuke wa sufuria mpaka ukanyooka. Kipindi hicho chote nyumba yake ilinuka sufu ya watu wa mbali. "Wenzetu wamefuma vizuri," alikuwa akisema huku anavuta uzi, "sasa ngoja tufumue." Baadaye uzi wa nje ulianza kuingia kwa wingi na bei ikashuka, akaacha. Lakini hakuwahi kukiri mbele ya mteja kwamba mtoto wake ana kifua cha sweta ya mtu wa ng'ambo.

Sasa nieleze ile mistari.

Sweta ya shule ya mtaani kwetu ni ya kijani iliyoiva. Mkono wa kulia una mistari miwili ya njano, wa kushoto una mmoja. Ukimwona mtoto wa sweta hiyo Donholm au hata Dandora, unajua ni wa kwetu. Katika siku ya wazazi, nikiwa nimerudi na kwenda kwa niaba ya dada yangu, nilimsikia mwalimu mkuu akieleza maana yake. Mistari miwili ya kulia ni nidhamu na bidii. Ule mmoja wa kushoto, upande wa moyo, ni Mungu mmoja. Wazazi wakapiga makofi. Fundi alikuwa ameketi safu ya nyuma, mkoba mapajani, anatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Tulirudi pamoja. Tulipovuka barabara alinishika mkono, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na ikabidi tusimame kando ya kibanda cha mkaa.

"Nidhamu na bidii!" akasema. "Ni uzi uliisha, mtu wangu. Uzi uliisha!"

Shule ilipoanza, alinieleza, ilileta mchoro wenye mistari miwili kila mkono. Fundi alikuwa na namna yake ya kufanya kazi: hakufuma mkono wa kulia na wa kushoto wa sweta moja kwa pamoja. Alifuma mikono ya kulia yote kwanza, rundo zima, ndipo akaingia rundo la kushoto. Mikono ya sweta haina kulia wala kushoto, inafanana, lakini kwake ilikuwa nayo na hungeweza kumwambia kitu. Basi alimaliza rundo la kulia lote, mistari miwili miwili, akaanza la kushoto, na uzi wa njano ukaanza kumwishia. Kiwandani njano haikuwepo. Shule inafunguliwa. Akafanya mstari mmoja mmoja ili uzi utoshe, akapeleka mzigo akiwa amejiandaa kutukanwa. Mwalimu mkuu wa wakati huo aliitazama sweta akasema ina mtindo wa kipekee.

"Mtoto wa darasa la kwanza angegawa huo uzi," Fundi akasema. Hakuwa anacheka tena. "Mstari mmoja kila mkono, basi. Mimi na kulia yangu, na kushoto yangu. Na wewe usimwambie mtu. Ni aibu."

Alikuwa ameibeba hiyo aibu tangu nikiwa mtoto. Watu waliona alama ya shule. Yeye, kila asubuhi watoto wakipita, aliona kosa lake likienda shule.

Kisha likaja duka. Lilifunguliwa barabarani, upande wa kwenda Donholm, lenye vioo na taa nyeupe, na nyuma ya vioo mashine za kompyuta. Huenda zilipanda lori nililokuwa nalo mimi. Tumeleta maboksi mengi ya mbao kutoka bandarini ambayo hatukuyafungua. Duka likakubaliana na shule, na wazazi wakaambiwa sweta zitatoka pale tu. Fundi hakusema lolote mpaka niliporudi. Nilimkuta amevaa nguo za kanisani siku ya Alhamisi.

"Nipeleke nikaone hicho kitu," akasema.

Dukani tulipokelewa na msichana mpole. "Karibu mum, ni darasa la ngapi?" Fundi alimwambia anaangalia tu. Akasimama mbele ya kioo. Mashine ilikuwa inafuma peke yake, hakuna aliyesukuma kitu. Kijana aliyeketi kando yake alikuwa anatazama simu. Ulitoka mkono mmoja wa kijani, ukashuka polepole, ukiwa na mistari miwili ya njano. Ukafuata mwingine. Mmoja.

Nilimsikia Fundi akivuta pumzi. "Hata hilo?" akanong'ona.

Msichana alidhani anauliza. "Ndiyo hiyo orijino ya shule, mum. Kulia miwili, kushoto mmoja. Kuna feki zinauzwa huko mitaani, ukiangalia kijani chake si hiki. Wameshakatazwa."

"Na nani alianzisha hiyo mistari?" Fundi akauliza.

"Imekuja na dizaini, mum. Iko ndani ya kompyuta."

Nilifungua mdomo. Fundi alinikanyaga mguu, kwa kisigino cha viatu vya kanisani, akaukanyagia hapo hapo. Wakati ule nilidhani ni unyenyekevu, na Fundi hakuwa na unyenyekevu hata wa kukopesha. Baadaye nilielewa. Ili aseme mistari ni yake ingebidi aseme ni kosa, na aseme mbele ya msichana aliyekuwa anamwita mum. Alichagua kuitwa feki.

"Na shingo?" akauliza kwa sauti ya kawaida. "Mashine inaunga yenyewe?"

"Shingo bado tunaungisha kwa mkono. Kuna wamama wanachukua kazi nyumbani."

Fundi alishika sweta iliyokuwa imetundikwa, akapitisha kidole gumba kwenye shingo, akairudisha. Tulipotoka nje alitembea kwa haraka mpaka tukapita kituo cha mafuta, ndipo akasema, "Umeona zile shingo? Zimelala upande kama mlevi." Hatua chache mbele akaongeza, kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe, "Lakini mikono... ile mashine imefuma kosa langu bila kukosea."

Hakukata tamaa mara moja, na hilo ndilo linalonitia haya zaidi, kwa sababu sote tulimwona akijaribu tukajifanya hatuoni. Alitafuta kijani cha duka. Alizunguka mjini na kipande cha sweta mpya kwenye mkoba, akikilinganisha na kila uzi kwenye rafu. Alipoupata, muuzaji alimwambia rangi hiyo inaletwa kutoka nje kwa namba yake, na haiuzwi ila kwa katoni nzima ya rangi moja, kwa watu wa viwanda. Alirudi na kijani kilichokaribia. Akafuma. Mwalimu wa zamu akasimama getini akiwarudisha watoto wenye kijani kilichokaribia, na mtoto mmoja aliyerudishwa, wa nyumba ya jirani, alilia mbele ya mlango wa bluu akipiga kelele kwamba hataki ile feki. Mama yake alimziba mdomo kwa mkono. Fundi alikuwa dirishani. Kichwa cha mashine kilisimama katikati ya safu, hakikumaliza upande.

Wiki hiyo dada yangu alikwenda dukani. Wengine walikuwa wameshakwenda.

Baada ya hapo mashine haikusikika tena, na mtaa ukatafuta namna ya kulala usingizi. Ikasemekana Fundi amepumzika. Ikasemekana binti yake, aliye Qatar, anamtumia vizuri. Mimi mwenyewe nililipokea neno hilo kwa furaha na kulipeleka mbele. Nililisema kwa dereva wangu njiani, karibu na Voi, kama habari njema ya mtu aliyemaliza kuhangaika. Binti alikuwa Qatar kweli. Anatuma ama hatumi, hakuna aliyeuliza. Mtu akimwambia Fundi, "Wewe umebarikiwa, unatumiwa," alijibu, "Mungu yupo," na jibu hilo huwezi kulipeleka mahakamani upande wowote.

Mwaka huu, baada ya ile siku ya watoto kuvua sweta, niliamua sitaondoka tena bila kuingia kwake. Nilinunua sukari, mkate na majani ya chai, nikabisha mlango alasiri, saa ambayo wamama wengi wako kazini na korido ni tupu.

"Nani?"

Nikajitaja.

"Ngoja." Nikasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kikasimama, kikaburutwa tena. Alipofungua alikuwa anahema. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. "Alama ya kuuliza!" akasema. "Ingia. Umenenepa, ama ni hiyo jaketi?"

Nyumba zetu za baraza la jiji ni chumba kimoja. Pazia hukigawa: mbele ni sebule, nyuma ni kitanda na kila kitu ambacho mtu hataki kionekane. Mgeni aliyelelewa vizuri haangalii nyuma ya pazia. Hata upepo ukilipeperusha, wewe unageuza uso na kusoma kalenda ukutani. Kwa Fundi pazia lilikuwa limevutwa mpaka mwisho na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Mashine ilikuwa dirishani bado, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya chai na redio. Kwenye mapaja ya gauni lake palikuwa na vipande vya uzi wa kijani kile cha duka, vifupi vifupi, vipya. Nilisoma kalenda.

Aliweka maji jikoni. Akaniuliza habari za barabara, akanisema tena kwa kutooa, akasema mkate niliouleta ni wa upepo mtupu. Alikuwa yule yule wa zamani kabisa. Nikaanza kufurahi kwamba nimekuja.

"Na wewe, Fundi, unaendeleaje?"

"Mimi? Nimepumzika. Si unaniona." Akanipa kikombe. "Nimefuma vya kutosha. Wacha na wengine wafume."

Pikipiki ilisimama nje. Nilisikia mguu wa pikipiki ukikanyagwa chini, na sauti ya kijana ikaita kama anayemwita nyanya yake, "Shosho! Shosho wa shingo!"

Fundi alikuwa ameketi mbele yangu, mkono kwenye sahani ya mkate, na mkono ukabaki hapo.

Mlango ukagongwa. "Shosho, fungua bana, niko mbio. Natoka hapa naenda Umoja."

Hakuutazama mlango. Alinitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile, na sikuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa nyumba ina mlango mmoja na kijana alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shosho, kama hauko napelekea yule mathe mwingine huu mzigo! Usiseme sikukuambia!"

Nilielewa basi kwamba angemwacha aende. Angekaa pale na mkate wake, mbele yangu, amepumzika, mpaka pikipiki iondoke na kazi ya wiki nzima. Nikaweka kikombe sakafuni. Nikaegemeza kichwa kwenye kitambaa cha sofa, nikafumba macho, nikaacha mdomo ulegee kidogo. Nimelala kwenye malori miaka mingi. Najua mtu aliyelala anavyokaa.

Kisha springi za kiti chake zikalia. Nikasikia kibanio cha nguo kikifunguka, pazia likipita kwenye waya wake, gunia likiburutwa. Lilinigusa viatu. Sikusogeza mguu.

Mlango ukafunguliwa. "Pole, baba, nilikuwa kule nyuma," Fundi akasema. Hata sauti ilikuwa nyingine, ndogo, ya mwanamke ambaye sikumfahamu. "Taratibu, kuna mgeni amelala."

"Shosho, mwenye duka anasema unachelewa. Na hizi za juzi ona, hii shingo imevutana. Amekataa. Rudia."

"Ni macho, baba. Jioni yananisumbua. Nitarudia."

"Rudia leo. Lakini pia usijali sana." Nilisikia gunia likifungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. "Kuna mashine ingine inakuja, ya kuunga shingo. Iko njiani kutoka Mombasa. Ikifika, hii kazi ya wamama imeisha. Wewe utapumzika, shosho."

"Haya, baba."

"Itaunga yenyewe, ndivyo wamesema."

"Haya. Nenda salama."

Niliyasikia yote hayo macho yakiwa yamefumbwa. Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kuinuka na kumwambia kijana ni nani huyo anayemwambia shingo imevutana. Lakini nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimejilaza mwenyewe, na sasa sikuweza hata kumpa pole. Gunia jipya likapita kwenye viatu vyangu, pazia likafungwa, kibanio kikarudi mahali pake. Akakaa. Nilisikia akipumua.

Kisha akanigusa goti.

"Amka. Chai inapoa."

Nikafumbua macho, nikajinyoosha, nikayasugua kama mtu aliyetoka mbali. Hakukuwa na uzi hata mmoja kwenye gauni lake. Alikuwa ameuokota wote.

"Nilipitiwa, Fundi."

"Hizo barabara zitakuua." Alikuwa ananiangalia usoni, moja kwa moja, kwa yale macho yake ya zamani ya kupima watoto. "Na umekoroma, kumbe! Umekoroma mpaka nikafikiri ni lori."

Sikuwa nimekoroma. Nilimwomba radhi kwa kukoroma, naye akanisamehe.